Mgeni Mpe Jembe: Athari ya Fasihi ya Dunia katika Maandishi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutajwa kwa ajili ya kumwonya mgeni asiyejua kuondoka. Hata hivyo ina upande wa pili ambao hausemwi mara nyingi, nao ni upande wa mwenyeji. Mwenyeji ndiye anayejua shamba liko wapi, ndiye anayechagua jembe, na ndiye atakayekula mavuno. Mgeni akishashika mpini, kazi anayoifanya si ya kwao tena. Ni ya nyumba iliyompokea.

Makala hii inakusudia kueleza, kwa kuitegemea methali hiyo, namna fasihi ya dunia na dhamira zinazowahusu binadamu wote zinavyovuka kutoka lugha moja na kuingia katika maandishi ya lugha nyingine. Mifano imechaguliwa katika fasihi ya Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ni lugha iliyopokea wageni wengi tangu zamani: kutoka Uarabuni na Uajemi, kutoka Bara Hindi, na baadaye kutoka Ulaya.

Suala lenyewe si la anasa. Mwanafunzi wa Kongo hukutana na Villon, Molière na Camus kwa Kifaransa darasani, kisha hurudi nyumbani na kuzungumza Kiswahili. Ni rahisi kwake kuamini kwamba lugha ya kwanza ndiyo ya mawazo mazito, na ya pili ni ya soko, ya kazi na ya utani. Akiambiwa kuwa iko riwaya ya Kiswahili inayouliza kama maisha yana maana yoyote, neno la kwanza linalomjia ni "mwigo". Kwa upande mwingine wako watetezi wanaojibu shutuma hiyo kwa kusema kuwa dhamira kubwa ni mali ya binadamu wote, na kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza nani kachukua kwa nani. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini zina dosari moja: zote humwondolea msomaji kazi ya kusoma. Wa kwanza ameshahukumu kabla ya kufungua kitabu. Wa pili ameshasamehe kabla ya kukifungua.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba nguvu ya athari haionekani hasa mahali ambapo vitabu viwili vinafanana, bali mahali ambapo kitabu cha pili kinaachana na cha kwanza. Kufanana huonyesha kuwa mgeni amefika. Kuachana huonyesha kuwa amepewa jembe.

2. Mfanano si lazima uwe nasaba

Kabla ya kuzungumzia athari, inafaa kuutenga mfanano ambao si athari hata kidogo. Mwaka 1461 mshairi Mfaransa François Villon alitunga diwani iitwayo Le Testament. Ndani yake limo shairi mashuhuri linalouliza wako wapi wanawake waliosifika zamani. Karne tatu na zaidi baadaye, katika upwa wa Afrika Mashariki, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utungo unaoyatazama magofu ya Pate na kuuliza wako wapi matajiri waliokuwa wakikaa katika majumba yale, yenye taa na vyombo vya thamani, ambayo sasa ni maskani ya popo na wadudu.

Maswali haya mawili yanafanana sana. Lakini hakuna njia yoyote inayojulikana ambayo kwayo shairi la Villon lingeweza kufika Pate, wala hakuna haja ya kuitafuta. Villon alikuwa mrithi wa mahubiri ya Kikristo ya Kilatini kuhusu ufupi wa maisha, na alikulia katika nchi iliyotoka kwenye vita virefu baina ya Ufaransa na Uingereza, vilivyokwisha mwaka 1453. Sayyid Abdalla alikuwa mrithi wa mawaidha ya Kiislamu, na magofu ya mji uliokuwa tajiri yalikuwa mbele ya macho yake. Kila mmoja alikuwa na chemchemi yake. Kiu ndiyo iliyokuwa moja.

Hapa inapatikana maana sahihi ya maneno "dhamira ya binadamu wote". Jambo linalowahusu watu wote ni swali, wala si jibu. Kila mahali watu hufa, na kila mahali walio hai huuliza waliotangulia wamekwenda wapi. Lakini majibu hayafanani. Villon anajibu kwa huzuni iliyochanganyika na mzaha, na swali lake linabaki likielea. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe, anaukaripia kwa kudanganyika na dunia, na kuuelekeza kwenye akhera. Msomaji anayeishia kusema kuwa tungo zote mbili zinahusu kifo amesema kweli, lakini hajasema lolote kuhusu hata moja kati ya tungo hizo.

3. Njia anazopita mgeni

Istilahi "fasihi ya dunia" ilipata umaarufu kutokana na Goethe, mshairi wa Kijerumani, ambaye mwezi wa Januari 1827 alimweleza katibu wake Eckermann kuwa zama za fasihi ya taifa moja zinapita na zama za fasihi ya dunia zimekaribia. Linalopaswa kuangaliwa ni jambo lililompa fikra hiyo: alikuwa akisoma riwaya ya Kichina iliyofasiriwa. Miaka minane kabla, yaani mwaka 1819, alikuwa ametoa diwani nzima iliyotokana na kumsoma Hafidh, mshairi wa Uajemi, katika tafsiri ya Kijerumani. Basi hata yule aliyeieneza istilahi yenyewe alikuwa mwenyeji wa wageni, na wageni wake walimfikia mikononi mwa wafasiri.

Swali la kwanza la mhakiki linapaswa kuwa hili: mgeni alipita njia gani? Katika fasihi ya Kiswahili njia ya zamani ni ya bahari na dini. Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, ulitungwa na Bwana Mwengo wa Pate, na tarehe yake ni mwaka 1728. Unasimulia vita baina ya jeshi la Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Kisa ni cha Kiarabu. Lakini umbo ni la utenzi, wenye beti za mishororo minne ya mizani nane, ambao kina chake cha mwisho hukaa kilekile kutoka ubeti hadi ubeti. Mgeni alifika kwa jahazi, akavishwa kanzu iliyoshonwa Pate.

Njia ya pili ni ya shule na ukoloni, nayo ina mizunguko ya ajabu. Mfano ulio wazi ni wa Omar Khayyam, mwanahisabati na mwanafalaki wa Nishapur aliyeishi kuanzia mwaka 1048 hadi 1131. Tungo fupi zinazonasibishwa naye zilitolewa kwa Kiingereza na Edward FitzGerald mwaka 1859. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa kitabu chake Omar Khayyam kwa Kiswahili, akiifuata tafsiri hiyo ya Kiingereza. Bandari za Uajemi ziko karibu na Tanga kuliko London, na kwa karne nyingi majahazi yaliyasafiri maji hayo kwa upepo wa kaskazi. Hata hivyo mshairi wa Uajemi alimfikia mshairi wa Tanga kwa kuzunguka Ulaya. Njia za vitabu hazifuati ramani peke yake. Hufuata pia shule na mamlaka.

Lakini mgeni huyo alipofika alikuta jamaa zake. Utungo wa Khayyam huitwa rubai, kwa sababu una mishororo minne. Kiswahili nacho kilikuwa na tarbia, shairi la mishororo minne. Maneno yote mawili yametokana na shina moja la Kiarabu lenye maana ya nne, shina lilelile lililozaa neno arobaini. Kwa hiyo kilichoonekana kuwa kitu cha mbali kiliingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na chumba cha kipimo chake. Hili hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: dhamira ya kigeni hustawi pale ambapo lugha inayopokea ilikuwa imeshaanza kuliuliza swali hilo.

4. Kazi anayopewa

Swali la pili linahusu kazi. Mwaka huohuo wa 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze. Kisa cha msingi kimo katika Alfu Lela Ulela, mkusanyiko ambao ulikuwa umekwisha kuingia katika Kiswahili. Katika masimulizi ya Kiarabu, Abdallah bin Fadhili, mtawala wa Basra, huwachapa mbwa wawili kila usiku. Mbwa hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya hiana yao, na habari zinafika kwa Khalifa Harun al-Rashid wa Baghdad. Katika kitabu cha Shaaban Robert anayechapa ni Adili, liwali wa Janibu. Wanaochapwa ni manyani. Na mfalme anayetaka kujua sababu ni Rai, mtawala wa Ughaibu.

Anayesoma kwa kutafuta mfanano atasema kuwa kisa kimeazimwa, naye hatakosea. Lakini ayatazame mabadiliko. Basra na Baghdad ni miji iliyomo katika ramani; Ughaibu si mji wa ramani, jina lake lenyewe linatamka kutokuwapo. Abdallah ni jina la mtu. Adili ni jina la sifa, na nduguze ni Hasidi na Mwivu, yaani wanaitwa kwa maradhi ya mioyo yao. Mbwa wamekuwa manyani, wanyama wanaojulikana na kila mkulima wa Afrika Mashariki kwa kuiba mazao na kwa kufanana na mtu bila kuwa mtu. Masimulizi ya maajabu yamefanywa kuwa mizani ya maadili. Kazi aliyopewa mgeni ni ya ualimu, kazi ambayo mwandishi huyu aliona ndiyo ya kwanza kwa kitabu chochote.

Mfano mwingine unatokana na tafsiri, ambako watu wengi hudhani kuwa hakuna nafasi ya kuachana. Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, alipokuwa Rais wa Tanganyika. Kiongozi wa dola changa akaweka katika lugha ya wananchi mchezo unaouliza kama ni halali kumwua kiongozi kwa kuhofia udikteta wake. Aliitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969, na mwaka huo akatoa pia Mabepari wa Venisi.

Jina hilo la pili linastahili kusomwa polepole. Katika Kiingereza mfanyabiashara wa Venisi ni mmoja, naye ni Antonio. Katika Kiswahili wamekuwa wengi, na mkopeshaji aliyechukiwa anaweza kuhesabiwa pamoja na waliomchukia. Zaidi ya hayo, neno bepari lina historia yake. Liliingia Kiswahili kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, na katika kamusi za zamani hiyo ndiyo maana inayopatikana. Baadaye, katika mijadala ya kisiasa, likapata maana ya mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Tafsiri ikatoka miaka miwili baadaye. Hivyo neno moja liliweza kuwa aminifu na jipya kwa wakati mmoja: kwa maana yake ya zamani lilimfuata Shakespeare, na kwa maana yake mpya lilimhukumu Venisi kwa macho ya Dar es Salaam.

Ni lazima kuongeza kwamba mgeni naye huliacha shamba likiwa limebadilika. Ushairi wa Kiswahili wa mapokeo hudai vina na mizani. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya tamthilia zake kwa mishororo isiyo na vina, na Nyerere akamfuata katika jambo hilo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtunzi wa mashairi ya kimapokeo. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi kwa mashairi yasiyofuata vina wala mizani, mjadala mkali ulizuka kuhusu nini kiitwe shairi. Wengi waliyaita mageni. Lakini wakati huo masikio ya wasomaji yalikuwa yameshasikia Kiswahili kizito kisicho na vina, tena kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumshutumu kwa kutopenda utamaduni wake.

5. Mahali pa kuachana

Swali la tatu ndilo kubwa: ni wapi mwandishi anaachana na aliyemtangulia? Hapa zitatazamwa kazi mbili.

Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ilitolewa mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambapo watu wa makabila mengi ya kusini mwa Tanganyika waliungana dhidi ya Wajerumani wakiamini kuwa maji ya dawa yatawakinga na risasi. Wahakiki wamezoea kumtaja Hussein pamoja na Bertolt Brecht, mwandishi wa Kijerumani, na ni kweli kwamba Hussein alisoma Berlin ya Mashariki na kupata shahada ya udaktari huko mwaka 1975. Lakini tarehe zinapaswa kuheshimiwa. Kinjeketile ilikuwa imetoka miaka kadhaa kabla ya shahada hiyo, kwa hiyo haifai kusemwa kuwa Berlin ndiyo iliyoizaa. Kulinganisha kunaruhusiwa, kudai nasaba kunahitaji ushahidi.

Mlinganisho wenyewe una faida. Katika tamthilia ya Brecht kuhusu Galilei, iliyoandikwa mwaka 1938 na 1939 na kuchezwa kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1943, mwanasayansi anajua kuwa dunia ndiyo inayolizunguka jua. Anaonyeshwa vyombo vya mateso, naye anakana ukweli huo. Katika Kinjeketile, shujaa amekamatwa. Amekuwa na mashaka juu ya maji, na vita vimeonyesha kuwa maji hayazuii risasi. Wanaomshika wanamtaka atangaze kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa akisema hivyo watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba wazee wao walipigania upuuzi, na neno la umoja litakufa pamoja na dawa.

Swali ni moja: mtu afanye nini na ukweli mbele ya wenye nguvu? Lakini majibu yanapishana kabisa. Galilei anaukana ukweli anaoujua. Kinjeketile anakataa kutamka jambo ambalo, kwa maana finyu, ni kweli, kwa sababu kinywa cha adui kingeligeuza kuwa uongo mkubwa zaidi. Kwa mwandishi wa Ulaya aliyekimbia utawala wa Hitler, hatari ilikuwa kunyamaza kwa msomi. Kwa mwandishi wa nchi iliyopata uhuru mwaka 1961, hatari ilikuwa historia ya watu wake kuandikwa na waliowashinda. Hapo ndipo panapoonekana kuwa jembe linalima shamba jingine.

Mfano wa pili ni Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1974. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria, na alifariki mwaka 2020, baada ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu nchini Botswana. Riwaya hii huhesabiwa miongoni mwa kazi za udhanaishi, yaani falsafa inayomtazama mtu akiwa peke yake mbele ya uamuzi wake, katika ulimwengu usiompa maana iliyo tayari. Jina la Albert Camus hutajwa mara kwa mara inapojadiliwa, na si bila sababu. Katika Le Mythe de Sisyphe, kitabu cha mwaka 1942, Camus alisema kuwa swali la kwanza la falsafa ni kama maisha yanastahili kuishiwa au la, yaani swali la kujiua. Kazimoto, kijana wa chuo kikuu anayeisimulia Kichwamaji, hulikabili swali hilohilo.

Lakini jibu la Camus linajulikana. Yeye hakubali kujiua. Sisyphus, aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani na kuliona likiporomoka kila mara, hulirudia jiwe lake kwa kiburi cha mtu asiyedanganywa, na katika kulirudia ndimo anamopata uhuru wake. Kazimoto halirudii jiwe. Anajiua. Kama riwaya hii ingekuwa mwigo, basi ni mwigo wa ajabu unaomkatalia bwana wake jambo ambalo kitabu chake chote kilijengwa juu yake.

Sababu ya kuachana huku imo katika hadithi yenyewe. Ulimwengu wa Camus umenyamaza. Mtu anaulizia maana, mbingu hazijibu. Ulimwengu wa Kazimoto haujanyamaza hata kidogo: umejaa wazazi, majirani, desturi, kanisa, shule, uvumi na maradhi. Kinachomvunja ni kwamba sauti zote hizo zinamdai mambo yasiyopatana. Elimu imemtoa kijijini bila kumfikisha mahali pengine. Si wa wazazi wake tena, na hajawa wa mtu mwingine. Hata jina la kitabu halikutoka Ulaya. Kichwamaji ni maradhi ya mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kilichojaa maji, na humo riwayani wamo watoto wa namna hiyo; lakini pia ni tusi la kila siku kwa mtu asiye na akili timamu. Ugonjwa wa mwili, dharau ya mtaani na hali ya kizazi kilichosoma vimekutana katika neno moja, na neno hilo ni la Kiswahili. Hakuna tafsiri ya Camus inayoweza kulitoa.

6. Msomaji wa Kongo na maswali haya matatu

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, kama inavyotajwa katika Katiba ya mwaka 2006. Lugha rasmi ni Kifaransa. Hali hii humpa msomaji wa Lubumbashi au Bukavu nafasi ambayo wasomaji wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hawana. Anaweza kumsoma Camus katika lugha aliyoiandikia, na kumsoma Kezilahabi katika lugha aliyoiandikia, bila mfasiri yeyote kukaa katikati.

Iko pia nafasi ya kulinganisha waandishi wa kizazi kimoja. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Kama Kezilahabi, alipita katika seminari ya Kikatoliki. Kama Kezilahabi, aligeukia falsafa na ualimu wa chuo kikuu. Riwaya yake Entre les eaux ya mwaka 1973, iliyotoka mwaka mmoja kabla ya Kichwamaji, inamhusu padri Pierre Landu anayejiunga na waasi wa msituni, akabaki baina ya Kanisa na mapinduzi bila kuwa wa upande wowote kikamilifu. Mtu aliyekwama katikati, elimu inayotenga, imani iliyotikisika: dhamira hizi zimo katika vitabu vyote viwili. Kimoja kiliandikwa kwa Kifaransa, kingine kwa Kiswahili. Wala Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya Kezilahabi, ambaye kwao ni Kikerewe, alikichagua. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa uzito wa dhamira ndio unaomlazimisha mwandishi kuikimbia lugha ya Kiafrika. Mwandishi huchagua lugha kwa sababu nyingi, miongoni mwake shule alizosoma, wachapishaji waliopo na wasomaji anaowatazamia. Uwezo wa lugha kubeba mawazo haumo katika orodha hiyo.

Maswali hayohayo matatu yanafaa pia katika kuzisoma kazi zisizokuwa za vitabuni. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilipata sifa kwa michezo yake katika Kiswahili cha mjini, juu ya mizozo ya nyumba, fedha na ndoa. Mwanafunzi akikuta katika mchezo wa namna hiyo baba anayependa fedha kuliko watoto wake, asikimbilie kuandika kuwa huyo ni bahili wa Molière, mhusika aliyeingia jukwaani Paris mwaka 1668. Aulize kwanza kama iko njia ambayo Molière angepita. Ikiwa haipo, basi huo ni mfanano wa Villon na Al-Inkishafi: swali la watu wote lililojibiwa mahali pawili. Ikiwa ipo, kwa mfano kwa njia ya shule, aendelee kuuliza bahili huyo amepewa kazi gani katika mji wa migodi na mishahara, na anaachana wapi na yule wa Paris.

7. Hitimisho

Maelezo haya yanaweza kufupishwa hivi. Dhamira za binadamu wote ni maswali, na maswali hayana mwenyewe. Kwa hiyo kufanana kwa tungo mbili si ushahidi wa kuazima. Palipo na kuazima kwa kweli, ni sharti njia ionyeshwe: jahazi, msahafu, shule, tafsiri, jukwaa. Njia ikishajulikana, ni sharti kazi ya mgeni ielezwe. Na mwisho, ni sharti patajwe mahali ambapo mwandishi alisema hapana: mbwa waliogeuzwa manyani, mfanyabiashara mmoja aliyefanywa mabepari, ukweli uliokataliwa kutamkwa mbele ya adui, jiwe lisilorudiwa.

Mhakiki anayeorodhesha mifanano peke yake ameandika daftari la wageni waliolala, akasahau kutazama shambani. Kwa wanafunzi wa fasihi katika vyuo vya Kongo, kazi hiyo ya kutazama shambani bado ni kubwa na inangoja watu. Mwanafunzi aweke Le Mythe de Sisyphe upande mmoja wa meza na Kichwamaji upande wa pili, atie alama katika kila ukurasa ambapo Kazimoto anakataa kumfuata Camus, kisha aeleze kila alama kwa Kiswahili. Akishamaliza, hatahitaji tena kuuliza kama lugha hiyo inaweza kubeba mawazo mazito, kwa kuwa atakuwa ameyabeba ndani yake.